Mchezo Usiobisha Hodi

Nilisema, na mpaka leo sijarudi nyuma: gemu za zamani zilikuwa na adabu kuliko hizi za sasa. Nililisema neno hilo jikoni kwangu hapa Mwabungo, mwiko mkononi, nikimwambia mjukuu wangu, naye akanuna. Sikujua kwamba maneno hayo yatageuka kesi, na kwamba hakimu wa kesi nitafanywa mimi.

Najua wapo wanaocheka wakisikia bibi kizee aliyeacha shule kabla hajaizoea anazungumza habari za gemu. Wacheke. Mimi gemu nimekaa nayo sebuleni kabla mama zao hawajaolewa. Tena iliingia nyumbani kwa kosa.

Marehemu mume wangu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani. Alikuwa na hamu ya deki ya kuangalia picha za Kihindi, zile za kuimba na kulia. Siku moja alikwenda Mombasa, akaona dukani mashine ndogo nyeupe yenye mdomo wa kutilia kaseti. Akamwuliza mwuzaji, "Hii inacheza kaseti?" Mwuzaji akamjibu, "Inacheza kaseti, mzee wangu, mpaka uchoke wewe." Wala hakudanganya.

Mume wangu akaja nayo kifua mbele. Akaalika majirani waje watazame picha. Nikatandika mikeka, nikakaanga bajia. Akaichomeka kwenye televisheni yetu nyeusi na nyeupe, ile iliyokuwa ikila betri ya gari, akaketi mbele kama bwana harusi. Tukasubiri mwanamke mrembo atoke kwenye mti aimbe. Ikatoka ndege ndogo inatema risasi.

"Ni picha ya vita," akasema mume wangu. "Tulieni. Nyimbo zitakuja."

Tukatulia. Ndege ikalipuka. Ikarudi, ikalipuka tena. Wageni wakala bajia zangu, wakasubiri nyimbo. Mpaka mwanangu, wakati huo mdogo wa kukaa chini kwenye mkeka, alipoishika ile rimoti yenye waya na kuifinya, ndege ikageuka upande. Hapo ndipo tulipotambua kwamba hatukuletewa picha, tumeletewa kazi.

Mume wangu hakuikubali ile mashine hata siku moja. Watoto waliikubali kwa niaba yake. Walijaa sebuleni kwangu kama wamekuja kula arusi. Mimi siku hizo nilikuwa napika mahamri na vitumbua vya kuuza, na vitu hivyo vinataka tui, na tui linataka nazi zikunwe. Nikaweka sharti. Anayetaka kucheza, kwanza akae kwenye mbuzi. Mbuzi yenyewe ni kile kigoda cha kukunia nazi, chenye meno mbele. Nazi moja, zamu moja. Na zamu inakwisha ukifa.

Ikawa raha tupu. Mmoja anacheza, mwenzake anakuna, wengine wanangoja na nazi zao mapajani. Mwanangu mwenyewe, mtoto wa mwenye nyumba, sikumpa upendeleo, na ndiye aliyekuwa akifa upesi kuliko wote. Nazi alizokuna huyo zingejaza kisima.

Shida ilikuwa ni neno kufa. Watoto walilipiga kelele mchana kutwa. Kipindi kimoja mume wangu alilala kitandani na malaria, siku kadhaa hatoki nje, na majirani wote walikuwa na habari. Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu baharini, akawa anapita njiani na ndoo ya maji kichwani. Akasikia kutoka dirishani kwangu: "Kafa! Kafa! Alikuwa amebakiwa na roho moja tu, nayo imetoka!"

Ndoo aliitupa. Kilio alichokianzisha kilisikika mpaka Galu. Mimi nilikuwa uani nafua, nikakimbilia mbele kuangalia nani kafiwa, nikamkuta ananikumbatia mimi. "Pole dada, pole, kazi ya Mungu haina makosa." Wanawake wakaanza kuingia, kanga zimeshafungwa kiunoni. Mtu akatumwa msikitini. Basi mume wangu, kwa kelele zile, akaamka, akajifunga kikoi, akatoka barazani anatafuna hamri.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe!" akasema jirani yangu.

"Na mbona mimi sijaambiwa?"

Sufuria kubwa za msikiti zilikuwa zishafika nusu ya njia. Mume wangu akasema zimeshachoka kubebwa, zisirudi tupu. Tukapika pilau. Malaria ilimwachia siku hiyo hiyo, nadhani kwa hasira.

Sasa mtu ataniuliza adabu ya gemu ile ilikuwa wapi. Adabu yake ilikuwa hapo hapo kwenye kufa. Umekosea, umekufa, mpe mwenzako. Haikuchukii wala haikubembelezi. Asubuhi watoto wakiwa shule nilikuwa naicheza mwenyewe, ule mchezo wa matofali yanayoanguka kutoka juu. Hakuna aliyenifundisha. Niliona tofali linashuka, nikaona chini pana pengo, basi. Mimi nimepanga mahamri kwenye beseni maisha yangu yote, nitashindwa kupanga matofali? Ukilipanga vizuri mstari unaondoka. Ukilipanga vibaya linakaa pale linakutazama. Likijaa mpaka juu imekwisha, unainuka unakwenda kutia mbaazi jikoni. Mchezo haukukuomba ubaki.

Hizi za sasa nimezionja kwenye simu ya mwanangu. Mwanangu sasa ni mtu mzima, msimamizi wa dobi katika hoteli, wafanyakazi wanamwogopa. Na mtu mzima huyu ana shamba ndani ya simu. Kila akiamka analimwagilia. Ana ng'ombe humo, ana kuku, ana mahindi. La kweli lililo nyuma ya nyumba, lenye mihogo, nalimwagilia mimi.

Siku moja alinipa nijaribu. Loo! Kabla sijafanya lolote, nikapewa zawadi. Ya nini? Kikatokea kidole kikinionyesha mahali pa kubonyeza. Nikabonyeza. Ikaandika "Hongera!" na maua yakamwagika. Nimefanya nini? Nimetembea. Mimi nimetembea kutoka hapa hadi Msambweni na mimba ya huyo mwenye simu tumboni, jua kali, na hakuna aliyenimwagia maua. Nikaliacha shamba lile. Kesho yake simu ikalia, ikaandika kwamba ng'ombe wangu wamenikumbuka. Mimi ng'ombe gani wanikumbuke, na tumeonana mara moja?

Basi ndivyo nilivyomwambia mjukuu wangu, na ndivyo alivyonuna.

Huyu mjukuu ni binti wa huyo huyo mwanangu. Nakaa naye mimi. Sisi tuna utani wetu wa tangu babu yake yu hai: babu alikuwa akimwita mke wake mdogo, kwa hiyo mimi namwita mke mwenzangu, naye akitaka kunichokoza ananiita mke mkubwa. Kwa utani huo tunaambiana mambo ambayo watu wengine wangeyapeleka kwa mzee wa mtaa.

Anasoma kompyuta katika chuo kimoja Ukunda, na amebakiza kazi ya mwisho, nayo ni kutengeneza gemu yake mwenyewe. Baba yake hakuipenda habari hiyo tangu mwanzo. Siku ile ya neno langu la adabu, baba mtu alikuwa pale pale jikoni, anakula, na akaona amepata shahidi.

"Umemsikia bibi yako?" akasema. "Hata bibi yako anajua ni upuuzi. Hoteli wamenishikia nafasi ya mapokezi kwa ajili yako. Mwezi ujao wanampa mwingine. Acha hayo ma-gemu, uvae sare, ukae mahali pana feni."

"Baba, nimebakiza kitu kidogo nimalize."

"Umalize, halafu? Nani atakicheza?"

"Wewe si una ng'ombe?" akasema mjukuu wangu.

Nikacheka. Sikutaka kucheka, lakini nilicheka. Mwanangu akaweka kijiko.

"Mama, usimwunge mkono. Wewe mwenyewe umesema za sasa hazina adabu."

"Nimesema."

"Basi tumalize maneno. Mama hamwonei mtu haya. Nilipooa aliniambia mbele ya wageni kwamba koti limenibana. Huyu atengeneze gemu yake, Mama aicheze. Akiirudia kwa hiari yake mwenyewe, bila kuombwa na mtu, mimi nitanyamaza na asome anachotaka. Asipoirudia, Jumatatu inayofuata anakuja nami hotelini."

Mjukuu wangu akanitazama. Macho yale yalikuwa hayana utani. Nikamwambia, "Usinitazame hivyo, mke mwenzangu. Mimi sitasema kitamu kama si kitamu. Hata chumvi ya mkwe wangu niliisema."

"Ndiyo nakutaka wewe, Bibi," akasema.

Akaniletea gemu yake alasiri ile ile, kwenye simu. Tukakaa barazani. Kusema haki wazo lilinipendeza. Ni Ramadhani, jua linakaribia kutua, na binti mdogo ametumwa na mama yake apeleke sahani za futari kwa majirani, kama tunavyopelekeana sisi. Sahani imefunikwa kawa la ukindu, vizuri kabisa, hata rangi za ukindu alizipatia. Anatakiwa afikishe kabla watu hawajafungua.

Kikatokea kile kidole.

"Kitoe hicho," nikasema.

"Kinakuonyesha njia, Bibi."

"Njia ya kwenda kwa jirani? Mtoto wa hapa haonyeshwi njia ya kwa jirani. Kitoe."

Nikamwendesha binti mpaka nyumba ya kwanza. Kafika mlangoni. Nikasubiri.

"Bonyeza mlango, Bibi, utafunguka."

"Nani kaniitikia?"

"Hakuna wa kuitikia. Ukibonyeza unaingia."

"Niingie nyumba ya watu bila hodi? Na saa hizi, wanawake wako jikoni wamevua mitandio?"

"Bibi, ni gemu."

"Najua ni gemu. Huyu mtoto kalelewa na nani?"

Akavuta pumzi. "Gemu zote ndivyo zilivyo. Mtu anafika, anaingia. Wengine wanafungua mpaka makabati ya watu, wanachukua vitu."

"Wezi."

"Ndiyo, lakini hakuna anayejali."

"Mimi najali. Sahani yangu inapoa, na mimi siingii."

Na kweli sikuingia. Tulikaa pale, mimi na binti wa kwenye simu, nje ya mlango wa watu. Mara simu ikatoa adhana. Nikashtuka, nikavuta kanga kichwani, nikatafuta birika la kutawadhia, kumbe ni gemu. Nikamwambia, na hapa sikuwa na utani hata chembe: "Adhana si kitu cha kuchezea. Hiyo uitoe leo leo." Akainamisha kichwa. Akasema atatoa.

Ili amalize kunionyesha, akabonyeza mlango yeye. Binti akaingia, akaweka sahani juu ya meza, akatoka na sahani yake. Tupu.

"Kapewa sahani tupu?"

"Chakula kishachukuliwa, Bibi."

"Na wao hawakutia chochote? Hata tende? Watu gani hawa unaokaa nao humu ndani? Hamia mtaa mwingine."

Nikamrudishia simu. Sikumwambia mbaya, sikumwambia nzuri. Nikamwambia nakwenda kulisha kuku.

Hapo ndipo alipochacha. Alinifuata mpaka bandani. "Haya, mke mkubwa, nikuulize mimi. Hiyo gemu yako ya zamani, ile kaseti iliandikwa ina michezo mingapi?"

"Mamia kwa mamia."

"Na kweli ilikuwa mamia?"

Nikajishughulisha na kuku. Kwa sababu haikuwa kweli. Ilikuwa michezo michache tu, imerudiwa rudiwa. Mmoja ndege iko kushoto, mwingine ndege ile ile iko kulia. Upo mmoja mtu akiruka shimo alikwama hewani, na hakuna aliyewahi kumshusha. Kuna mwingine ulikuwa ukiuanzisha televisheni yote inatetemeka, mume wangu anasema ni jini.

"Baba alinihadithia," akasema. "Ilikuwa na michezo ya takataka chungu nzima. Wewe umekumbuka matofali na ndege, hayo mengine umeyasahau. Nami nikichukua gemu mbili nzuri za sasa nikatupa zilizobaki, nitasema za sasa ndizo bora."

"Lakini haikuwa inambembeleza mtu," nikasema.

"Haikubembeleza kwa sababu ilitaka afe upesi, mwingine akae! Zilitengenezwa ziue watu, ili kila zamu mwenye mashine apate sarafu nyingine. Wewe mwenyewe, Bibi, wangekuwa hawafi, nani angekukunia nazi?"

Nilikuwa na mahindi mkononi nikayamwaga yote kwa mkupuo, kuku wakapigana. Kwa sababu alinipata. Sikuwahi kulifikiri hilo. Uroho ulikuwepo tangu zamani. Ule wa zamani ulitaka uondoke kitini haraka, wa sasa unataka usiondoke kabisa. Mimi nikauita wa kwanza adabu kwa kuwa ulijaza beseni langu.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Mwenye hoja habishani na kuku. Nenda kaitengeneze gemu yako."

Akaenda. Siku zilizofuata sikumwona ila mgongo. Alikuwa anakaa na kompyuta yake kwenye kitanda cha kamba, anaguna, anafuta, anaguna. Mara moja akaja jikoni bila salamu akaniuliza, "Bibi, ukibisha hodi hakuna anayeitika, unafanyaje?" Nikamwambia nabisha mara tatu, kisha naondoka. "Na kama umetumwa, huwezi kurudi na sahani?" Nikamtazama. "Wewe umekulia wapi? Nazunguka uani." Akapiga makofi mara moja, akaondoka mbio.

Na baba yake kila akitoka kazini alikuwa anauliza, "Mama, umeirudia?" Namjibu sijairudia. Naye anaitikia, "Haya," na kupiga mluzi. Siku moja alikuja na ile sare ya mapokezi imepigwa pasi, iko ndani ya nailoni, akaitundika kwenye msumari wa sebuleni ambapo kila apitaye ataiona. Mjukuu wangu aliipita kichwa chini. Usiku ule hakula. Mimi nilitaka kumwambia baba yake nimeirudia gemu, yaishe. Lakini ningesema uongo, na mtoto mwenyewe angejua, na gemu ingekuwa imeshinda kwa huruma, kama yale maua ya hongera.

Jumamosi, siku mbili kabla ya Jumatatu yao, mjukuu wangu akaniambia anakwenda dukani kununua bizari. Alivaa mtandio akaondoka. Simu yake akaisahau. Sasa simu hiyo huwa anakwenda nayo mpaka chooni. Siku hiyo aliisahau, tena wapi? Juu ya mbuzi ya kukunia nazi, imewashwa, binti wa futari kasimama mlangoni na sahani yake.

Mimi nilikuwa nimeshabandika wali, nimepasua nazi ya kukunia tui la mwisho. Ilibidi niiondoe simu ili nikae. Nikaiondoa. Nikaikuta mkononi.

Kidole hakikuwepo. Adhana haikuwepo, ila jua dogo jekundu likishuka pole pole nyuma ya minazi. Kwenye kona paliandikwa "Hodi". Nikabonyeza, nione tu. Kimya. Nikabonyeza tena. Ndani akasikika mtu akisema, "Karibu, mwanangu." Nikasema moyoni, haya, sasa tunaelewana. Binti akavua viatu. Alivua viatu! Akaingia, akaamkia, "Shikamoo," akatoa sahani, akarudishiwa ile sahani na kaimati juu yake, na zile kaimati zikawa ndizo za kupeleka nyumba inayofuata.

Nyumba ya pili nikabisha mara tatu. Kimya. Hakuna kilichonionyesha la kufanya. Nikafikiri, watu wa nyumba hii hawawezi kuwa wametoka saa hizi. Nikamzungusha binti ukuta, nikaona moshi. Uani! Wako uani wanakaanga sambusa! Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Nyumba ya tatu nilikuwa na haraka, jua limeshaguswa na minazi, nikabisha mara mbili nikapenya. Akatoka bibi mmoja, mnene, kanga imefungwa chini ya kwapa, mwiko juu. Alinifukuza mpaka njiani. Sahani ikaanguka. Ikaandikwa: "Sahani imevunjika. Rudi kwa mama yako." Hakuna maua. Hakuna pole. Nikarudi kwa mama yangu, nikaanza upya, nikavunja nyingine. Nikaanza tena. Nilijua sasa nyumba ipi inaitika na ipi haiitiki, na kwamba yule bibi wa mwiko anataka hodi tatu kamili, zenye nafasi katikati, si za kukimbiza.

Nilikuwa kwenye nyumba yake, nimebisha ya kwanza, nimebisha ya pili, natulia kwa ajili ya tatu, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Asalaam alaykum, Mama."

"Usiniongeleshe," nikasema, "jua linatua!"

Jua la saa saba lilikuwa utosini. Nikabisha ya tatu. "Karibu, mwanangu," akasema bibi wa mwiko, na mimi nikashusha pumzi, nikageuka kumwonyesha aliyekuja kwamba nimeingia, nikamkuta mwanangu, na sare yake ya hoteli, kaziba pua.

Ndipo nikaisikia harufu. Wali wangu ulikuwa umeungua, si ukoko, umeungua wa kutupwa, na nazi niliyoipasua kuku walikuwa wanaimalizia.

"Moto umekuwa mkali," nikasema.

"Mama."

"Kuni za siku hizi."

"Mama. Nani kakuomba uicheze?"

Nikatazama huku na huku. Mjukuu wangu alikuwa kasimama nje ya mlango wa uani, mikono mitupu, hana bizari wala dalili ya bizari.

"Hakuna aliyeniomba," nikasema. Sikuwahi kuona neno zito kama lile. "Nimeirudia mwenyewe. Na nimevunja sahani, sitasema ngapi."

Mwanangu akanyoosha mkono. "Lete nione hicho kilichokula chakula changu."

Akaketi kwenye kigoda kingine. Akaanza upya, akachagua mlango wa karibu, kumbe ni wa bibi wa mwiko, akabonyeza, akabonyeza, akakasirika. "Mbona haufunguki?" Mjukuu wangu akafungua mdomo, nikamkata jicho asiseme. Mwanangu akabisha mara moja, akapenya. Bibi akatoka na mwiko. Mwanangu alipiga ukelele, mtu mzima, akainua mguu kama anafukuzwa kweli. Sahani ikavunjika.

Akaisogeza simu karibu na macho. Akamtazama yule bibi aliyesimama njiani anahema. Akanitazama mimi. Akamtazama tena.

"Huyu namfahamu," akasema.

"Mimi si mnene hivyo," nikasema. "Na mwiko anaushika vibaya."

Mjukuu wangu alikuwa kaziba mdomo kwa mtandio mzima. Baba yake alitaka kuanza upya, kidole kiko juu ya kioo, nikamnyang'anya simu.

"Umekufa," nikamwambia. "Kaa kwenye mbuzi."

"Mama, nimetoka kazini."

"Hakuna wali. Wali unataka tui, na tui linataka nazi. Nazi moja, zamu moja. Umesahau?"

Akavua shati la sare, akalitundika kwenye msumari wa sebuleni, juu ya ile sare ya nailoni, akabaki na fulana, akakaa kwenye mbuzi kama alivyokuwa akikaa zamani, magoti yakimfika masikioni. Akapasua nazi. Alikuwa bado anakuna vizuri.

"Jumatatu nitawaambia pale mapokezi watafute mwingine," akasema, macho yako kwenye nazi, kana kwamba anakiambia kile kifuu.

Mjukuu wangu alikwenda akachota maji ya kuosha mchele, nikaona mabega yake yanatetemeka, sikuuliza kama ni kicheko au ni nini.

"Na mimi bado nasema za zamani zilikuwa na adabu," nikawaambia wote wawili, ili wasije wakajisahau.

"Sawa, mke mkubwa," akasema yeye.

"Zamu yangu lini?" akauliza mwanangu kutoka kwenye mbuzi.

Nilikuwa mlangoni kwa watu, nimeshabisha mbili.